Nilivyojifunza kupeleka rekodi za sauti kwenye seva kutoka Arua

Kazi yangu mjini Arua, Uganda, ni kutunza rekodi za sauti za wazee wanaosimulia maisha yao kwa Kiswahili. Kipakatalishi kikiibwa au diski ikiharibika, mzee aliyekwisha kufariki hawezi kusimulia upya, na kwa sababu hiyo kikundi chetu kilikodi seva, yaani kompyuta ya mbali ya kutunzia faili, nchini Ujerumani, nami nikakabidhiwa jukumu la kupeleka nakala huko.

Mwanzoni nilitumia FTP ya kawaida, njia ya zamani ya kuhamisha faili mtandaoni, kwa kuwa ndiyo niliyoikuta. Fundi wetu, aliyekuwa Kampala, alinieleza kwamba njia hiyo hupitisha jina na nywila wazi, hivyo yeyote anayenasa mawasiliano ya mtandao wa hoteli anaweza kuzisoma. Hatari ya namna hiyo ndiyo iliyomfanya Tatu Ylönen wa Ufini atunge SSH, njia salama ya kuunganisha kompyuta mbili, mwaka 1995, baada ya nywila kunaswa katika mtandao wa chuo kikuu chake. SFTP, njia ya kuhamisha faili niliyohamia, hupita ndani ya SSH, kwa kawaida katika mlango namba 22, na kila kinachopita husimbwa, yaani hugeuzwa ili mtu mwingine asiweze kukisoma. Nikasakinisha WinSCP, programu huria ya Windows inayoweza kuonyesha faili za kompyuta yangu upande wa kushoto na za seva upande wa kulia.

Nilipounganisha kwa mara ya kwanza, dirisha lilitokea likionyesha alama ya utambulisho ya seva, mfululizo wa herufi na tarakimu 43 baada ya neno SHA256 (jina la hesabu inayofupisha data kuwa alama), likiniuliza kama ninaiamini. Nilikuwa karibu kubofya kukubali, kama nilivyozoea kufanya kwa kila dirisha, lakini nikampigia fundi kwanza.

“Dada, usikubali mpaka tuisome pamoja,” aliniambia.

“Haya, kaka, nisomee polepole.”

Alianza kusoma, na herufi nne za kwanza hazikulingana na zangu. Niliogopa kweli, kwa sababu maana yake ingeweza kuwa kwamba mtu mwingine amejiweka katikati yetu na seva. Tulirudia mara mbili kabla hajagundua kwamba seva moja huwa na funguo kadhaa za utambulisho: yeye alikuwa akisoma alama ya ufunguo wa aina ya RSA, ilhali programu yangu ilikuwa ikionyesha ya ule wa aina ya Ed25519. Aliposoma ile inayostahili, zote 43 zililingana, pamoja na herufi kubwa na ndogo. Ninaamini dakika kumi zile zilikuwa sehemu muhimu kuliko zote, kwa kuwa usimbaji haumlindi mtu anayezungumza kwa siri na seva isiyo yake.

Baadaye nywila tuliiacha. Nilitengeneza jozi ya funguo za kidijitali za kunitambulisha kwa seva, nikampa fundi ule wa umma auweke kwenye seva, na ule wa siri, uliofungwa kwa kaulisiri ndefu, ukabaki kwangu.

Taabu iliyobaki ilikuwa ukubwa wa faili. Saa moja ya sauti ya stereo katika faili la WAV, ambalo kwa kawaida halibanwi, yenye biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, huchukua takriban GB 1, na kwa kasi ya kupakia ya megabiti 1 kwa sekunde, ambayo kwetu ni siku njema, huhitaji zaidi ya saa mbili. Katika muda huo umeme hukatika, ruta ikazimika, na hapo zamani nilikuwa nikianza upya huku bando likiisha. WinSCP huiandika faili kubwa kwanza kwa jina la muda lenye kiambishi cha .filepart, na jina halisi hurudi tu faili ikishafika yote. Jioni moja umeme ulikatika nikiwa nimefikisha zaidi ya nusu; uliporudi niliiburuta faili ileile, programu ikauliza kama niendelee, nikakubali, nayo ikaanzia pale ilipokomea.

Hata hivyo sikufuta nakala iliyokuwa kwenye kinasa sauti. Usiku ule nilikokotoa alama ya SHA-256 ya faili, ambayo hubadilika faili ikiharibika hata kidogo, kwenye kompyuta yangu, fundi akafanya vivyo hivyo kwenye seva, tukalinganisha, na zilipokuwa sawa ndipo nilipokiachia nafasi kinasa sauti kwa ajili ya mzee wa kesho yake.