Aliyeitwa Kulea Kikosi cha Pili

Somo la juma: 1 Wakorintho 12:12–27

Ndugu wapendwa katika Bwana,

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho, watu waliokuwa wakigombania karama na heshima, alitaja maneno ambayo jicho halina ruhusa ya kuuambia mkono: sina haja na wewe. Juma hili nimeona tuyatafakari maneno hayo kwa kufuata maisha ya kazi ya Mskoti mmoja, Jock Stein, beki wa timu ndogo aliyekuja kuwa kocha mkubwa, kwa kuwa katika safari yake maneno hayo yalijitokeza karibu kila hatua. Watu waliyaelekeza kwake, naye pia, kama tutakavyoona, aliyaelekeza kwa mwingine. Simleti kwenu kama mtakatifu; wengi waliocheza chini yake wamesimulia jinsi alivyokuwa mkali. Namleta kwa sababu maisha yake yanaifafanua sura hii ya Biblia kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia juu yake.

Stein alizaliwa mwaka 1922 huko Burnbank, karibu na Hamilton, katika eneo la migodi la Lanarkshire, kwenye familia ya Kiprotestanti ambayo baba alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe. Naye akateremka mgodini angali kijana, na tangu mwaka 1942, huku akiendelea na uchimbaji, akawa beki wa kati wa Albion Rovers ya mji wa Coatbridge, timu ambayo makazi yake ya kawaida yalikuwa madaraja ya chini. Ilipopanda ligi kuu kwa msimu wa 1948/49 ilishuka mara moja. Hakuwa mchezaji wa kupendeza macho. Alitegemea mguu wa kushoto, kichwa, na goti ambalo alizoea kulitumia kuondosha mpira pale ambapo wengine wangetumia mguu wa kulia. Siku za kazi alikuwa chini ya ardhi, mahali ambapo taa ikizimika mtu haoni hata mkono wake mwenyewe, na baadaye alipenda kueleza kwamba kule chini uhai wako uko mikononi mwa mtu aliye kando yako, hata kama humwoni wala humjui. Naamini shule yake ya kwanza ya ukocha ilikuwa hiyo, kabla ya uwanja wowote.

Mwaka 1950 aliondoka kwenda Llanelli, timu ya ligi ndogo huko Wales, akimwacha mkewe na binti yao mdogo nyumbani Hamilton. Nyumba hiyo ikavunjwa na wezi zaidi ya mara moja, na Stein akaamua kuacha soka na kurudi mgodini. Ndipo Celtic ya Glasgow walipomtafuta, Desemba 1951, kwa pendekezo la Jimmy Gribben, mmoja wa watumishi wa klabu waliomkumbuka tangu siku zake za Coatbridge. Tuangalie vizuri aliitiwa nini. Hakuitwa kuiokoa Celtic, wala kuingia katika kikosi cha kwanza. Alikuwa na miaka 29, na alitakiwa kucheza pamoja na vijana wa kikosi cha pili ili wajifunze kwa mtu mzima. Wengi wetu tungeona wito wa namna hiyo ni dharau iliyofungwa kwa karatasi nzuri. Yeye aliupokea, na mabeki wa kikosi cha kwanza walipoumia mmoja baada ya mwingine, akaingizwa na hakutoka tena. Nahodha Sean Fallon, Mkatoliki kutoka Sligo nchini Ireland, alimchagua kuwa naibu wake. Fallon alipovunjika mkono, Stein akawa nahodha, na mwaka 1954 aliiongoza Celtic kutwaa ligi na Kombe la Uskoti kwa pamoja, jambo ambalo klabu hiyo haikuwa imelifanya kwa miaka 40.

Hapa lazima nieleze Glasgow ilikuwa mji wa namna gani, maana bila hilo hatutaona uzito wa jambo. Celtic ilianzishwa mwaka 1887 na mtawa Mkatoliki, Bruda Walfrid wa shirika la Wamarist, kwa ajili ya kuwalisha watoto maskini wa upande wa mashariki wa mji, ambao wengi walikuwa wa familia zilizohamia kutoka Ireland. Ni mwanzo mzuri sana kwa klabu ya mpira. Hata hivyo, ndani ya huruma hiyo kulikuwa pia na hofu kwamba watoto wale wakila kwenye meza za misaada ya Waprotestanti wangevutwa kuiacha imani yao. Hata bakuli la supu lilikuwa na dhehebu. Upande wa pili, Rangers, klabu iliyopendwa na Waprotestanti, kwa miongo mingi haikuwa ikisajili wachezaji waliojulikana kuwa Wakatoliki, na desturi hiyo ilivunjwa waziwazi mwaka 1989 tu, kwa usajili wa Mo Johnston. Celtic, kwa haki yao, walikuwa wakiwachezesha Waprotestanti tangu zamani, lakini hadi mwaka 1965 hakuna Mprotestanti aliyewahi kuwa kocha wao. Stein alipovaa jezi ya kijani na nyeupe, baadhi ya watu wa kwao, waliokuwa marafiki zake, walimpa kisogo. Hao wote, wa pande zote mbili, walikuwa watu wa kwenda kanisani, na barua ya Paulo kwa Wakorintho walikuwa wakisomewa. Nasi tunaosali katika makanisa ambayo mipaka yake ilichorwa na wamisionari wa mataifa mbalimbali kabla babu zetu hawajaulizwa, tusiharakishe kuwacheka.

Mwaka 1955 Stein aliumia kifundo cha mguu katika mchezo dhidi ya Rangers, na mwanzoni mwa 1957 akalazimika kustaafu. Kwa mara nyingine klabu ilimpa kikosi cha pili, safari hii awe mwalimu wake. Mikononi mwake wakapita vijana kama Billy McNeill, John Clark na Bobby Murdoch, majina ambayo wakati ule hayakumwambia mtu kitu. Mwaka 1960 akaenda kuifundisha Dunfermline, iliyokuwa ikielekea kushuka daraja. Aliinusuru, na mwaka uliofuata ikatwaa Kombe la Uskoti kwa kuwafunga Celtic wenyewe 2–0 katika mchezo wa marudiano. Baadaye alikuwa Hibernian ya Edinburgh kwa muda mfupi, kisha Machi 1965 Celtic wakamwita kuwa kocha wao mkuu. Sean Fallon, yule nahodha aliyemwinua, ambaye alikuwa na kila sababu ya kuitarajia kazi hiyo yeye mwenyewe, alikubali kuwa msaidizi wake, akabaki katika nafasi hiyo kwa miaka kumi. Nimejiuliza mara nyingi kama Fallon hakuwa ndiye mkubwa zaidi kati yao wawili. Kumtengenezea mwenzako njia kisha ukatembea nyuma yake bila kumkwaza ni karama ambayo Paulo hakuitaja kwa jina, lakini bila hiyo mwili hauendi.

Na sasa nifike kwa mtu ambaye hasa ndiye aliyenifanya niandike. Stein alipokuwa Hibernian alikuta kipa aliyeitwa Ronnie Simpson, mwenye umri wa miaka 33. Simpson alikuwa amecheza Olimpiki ya mwaka 1948 na kutwaa Kombe la FA mara mbili akiwa na Newcastle United, lakini Stein hakumwona kuwa mtu wa kesho. Hawakuelewana, na mwaka 1964 Simpson akauzwa kwa fedha kidogo kwenda Celtic, akawe kipa wa akiba. Miezi michache baadaye Stein mwenyewe aliwasili Celtic, na Simpson aliona kwamba safari yake ya soka imefika mwisho, kwa kuwa aliyekwisha kumwambia sina haja na wewe amemfuata hadi huku. Haikuwa hivyo. Stein alimtazama upya, akaona alichokuwa hajakiona, na katika msimu wa 1965/66 akampa goli alilinde. Aprili 1967, akiwa na miaka 36, Simpson aliichezea Uskoti kwa mara ya kwanza, na wakawafunga England 3–2 Wembley.

Mwezi uliofuata, tarehe 25 Mei 1967, Celtic walikutana na Inter ya Milan jijini Lisbon katika fainali ya Kombe la Ulaya. Kalenda ya Kanisa Katoliki siku hiyo ilionyesha Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, na mashabiki wengi walianzia misani kabla ya kwenda uwanjani. Kikosi kilichoingia kilikuwa cha watu wote waliozaliwa ndani ya maili 30 kutoka uwanja wa Celtic, Wakatoliki na Waprotestanti, wakiwamo McNeill, Clark na Murdoch wa kile kikosi cha pili cha zamani. Wachezaji kadhaa walikuwa na meno ya bandia, nao waliyahifadhi katika kofia ya Simpson iliyowekwa golini, ili yawe karibu wakati wa kupigwa picha ukifika; Bobby Lennox alisimulia jinsi kipenga cha mwisho kilipolia alivyokimbilia kofia hiyo kabla mashabiki hawajaivamia. Yaani tumaini lote la jioni ile, goli pamoja na meno ya wenzake, lilikabidhiwa mzee ambaye kocha wake aliwahi kumuuza. Inter walitangulia kwa penalti ya Mazzola dakika ya saba, kisha wakajifungia nyuma. Tommy Gemmell, beki na Mprotestanti, akasawazisha dakika ya 63, na Stevie Chalmers akafunga la ushindi zikiwa zimebaki dakika chache. Hakuna timu ya Uingereza iliyokuwa imelitwaa kombe hilo kabla yao.

Sitaki tupite hapo kwa kushangilia tu. Katika sharika zetu wako wazee wa kwaya waliosogezwa pembeni kwa sababu sauti imechakaa, na wako wanandoa waliohamia kwetu kutoka dhehebu jingine ambao kwa miaka mingi wanakaribishwa kuketi lakini hawakaribishwi kusoma somo. Hakuna anayewatamkia lile neno la jicho. Ratiba ya huduma inalitamka kwa niaba yetu kila inapobandikwa ukutani. Stein alikuwa na ujasiri wa kurudi kwenye uamuzi wake mwenyewe na kuubatilisha hadharani, mbele ya mtu ambaye yeye ndiye aliyemkosea. Sijui ni mabaraza mangapi ya kanisa yanayoweza kufanya hivyo.

Celtic walitwaa ligi mara tisa mfululizo, kuanzia 1966 hadi 1974. Mwaka 1975 Stein aliumia vibaya katika ajali ya gari, Fallon akaishika timu msimu mzima, na hali haikurudi kuwa ile ya zamani. Mwaka 1978 klabu ilimpa nafasi McNeill, na Stein akapewa kazi ya upande wa biashara, kazi ya kutafuta fedha. Maneno yalikuwa ya heshima, lakini maana yake aliielewa. Alikwenda Leeds United kwa siku 44, kisha akachukua timu ya taifa ya Uskoti na kuipeleka Kombe la Dunia la 1982 nchini Hispania.

Mchezo wake wa mwisho ulikuwa Cardiff, tarehe 10 Septemba 1985, dhidi ya Wales, ambapo Uskoti ilihitaji walau sare ili ibaki na njia ya kwenda Kombe la Dunia la 1986 nchini Mexico. Wakati wa mapumziko, huku Wales wakiongoza 1–0, iligundulika kwamba kipa Jim Leighton amepoteza lenzi ya jicho na hana nyingine, hivyo akaingia Alan Rough kutoka benchi. Kipindi cha pili Stein alimtoa Gordon Strachan na kumwingiza Davie Cooper, winga wa Rangers aliyezaliwa Hamilton, kule kule Stein alikotoka. Penalti ilipopatikana dakika ya 81, aliyeipiga na kufunga alikuwa Cooper. Matokeo yakabaki 1–1. Stein alianguka kando ya uwanja mchezo ukielekea mwisho, akafariki katika chumba cha matibabu cha uwanja huo akiwa na miaka 62. Msaidizi wake usiku ule, Alex Ferguson, ndiye aliyeiongoza timu katika michezo miwili ya mchujo dhidi ya Australia, na mwaka 1986 akaifikisha Mexico.