Swali la Mama Zuhura

Tangu Jumatatu jioni kuna swali la Mama Zuhura, muuza mkaa wa mtaani kwetu, ambalo halijaniacha. Wiki hii masjala yetu imemaliza kuhamisha majalada kwenda Mtumba, kwenye mji wa Serikali hapa Dodoma, mdogo wangu wa Morogoro amejifungua salama mtoto wa kiume, na Baraka amepangiwa kidato cha tano katika shule aliyoiomba. Hayo yote ni mambo ambayo wakati mwingine ningeyaandikia kwa kirefu, lakini kila ninapokaa kuandika ninajikuta nimesimama tena kwenye kona ya mtaa wetu wa Nkuhungu, mbele ya kibanda cha mkaa, na upepo wa Juni unapeperusha vumbi jeusi miguuni petu.

Nilimwamkia kama siku zote, akaitikia, akaniuliza habari za kazi, nami nikamwuliza habari za magoti. Akasema anamshukuru Mungu. Kisha, akiwa bado anapanga makopo yake na bila kuniangalia, akasema: "Mama Baraka, mwanangu, kuna jambo nilikukosea?"

Nikamwambia, "Hapana, mama, hujanikosea chochote."

"Maana naona siku hizi unapita kunisalimia tu."

Nikamweleza kwamba tumehamia kwenye gesi, na kwamba maharage na makande tunayapika kwenye jiko la umeme la presha ambalo Baba Baraka alilinunua mwanzoni mwa mwaka. Nilizungumza haraka, na sauti yangu niliisikia imekuwa ya mtu anayejitetea barazani. Mama Zuhura akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Gesi ni nzuri, mwanangu. Sufuria hazishiki masizi, na watoto hawakohoi. Ila kodi ya chumba haiulizi kama watu wamehamia kwenye gesi." Akanitakia jioni njema, akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Hakuna lingine lililosemwa. Hakupandisha sauti, hakununa, wala hakunisema kwa majirani, kwa maana ningeshasikia. Hata hivyo nimeyarudia maneno hayo ndani ya daladala ya Mtumba asubuhi na jioni, nimeyarudia nikipanga majalada kwenye makabati mapya, na usiku mmoja Baba Baraka aliniuliza ninazungumza na nani. Nimejaribu kumtungia jibu bora kuliko lile la Jumatatu. Ningeweza kumweleza habari za misitu, lakini yeye ameuza mkaa kabla mimi sijaolewa na anaijua hali ya misitu kuliko mimi. Ningeweza kumwahidi kwamba nitanunua kopo moja moja kwa ajili ya kuchoma nyama sikukuu, lakini angeijua huruma iliyomo ndani yake na ingemuumiza zaidi. Kila jibu ninalolitunga linaishia pale pale kwenye kodi ya chumba.

Wasomaji waliofuatana nami tangu mwaka wa msiba wa mama yangu wanamfahamu Mama Zuhura. Ndiye aliyeleta gunia zima la mkaa nyumbani usiku ule, kabla hata turubai halijafungwa, akasema wageni hawawezi kulala na njaa na habari za fedha zisubiri. Nilipotaka kumlipa baada ya arobaini alikataa kuzungumzia jambo hilo. Ndiye pia aliyekuwa akitukopesha mishahara ilipochelewa, akiandika deni letu ukutani kwa kipande cha mkaa na kulifuta mwenyewe tulipolipa. Kwa hiyo aliponiuliza kama alinikosea, alikuwa na haki kamili ya kuuliza, kwa sababu mtu uliyekula naye msibani hakuachi bila neno.

Lakini uamuzi wetu wa kuacha mkaa siuonei haya, na nataka niseme kwa nini. Mkaa unaochomwa kwenye tanuri la udongo, kama unavyochomwa sehemu nyingi za mkoa huu, hula kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja tu. Sisi wa Dodoma tunaishi katika eneo linalopata mvua ya takriban milimita 570 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na baada ya hapo ni miezi ya jua, upepo na ardhi kupasuka. Mgunga uliokatwa hapa haurudi upesi. Maji tunayokunywa mjini kwa miaka mingi yametegemea visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na hazina ile ya chini ya ardhi haijazwi na kila mvua, bali hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998. Nikiyafikiria hayo siwezi kurudi kwenye gunia la mkaa kana kwamba sijui chochote.

Wala sitaki kuisifu gesi kupita kiasi. Mtungi ulioko jikoni kwangu haukujazwa gesi ya Songosongo kama wengi mtaani wanavyodhani. Gesi ya mitungi huja kwa meli kutoka nje ya nchi, kisha hupanda kwa lori hadi huku. Ndiyo maana kila kinachohitaji moto wa muda mrefu tumekihamishia kwenye umeme. Maharage yaliyolowekwa tangu usiku huiva kwenye jiko la presha kwa chini ya uniti moja, jambo ambalo Baba Baraka amelithibitisha kwa kusimama mbele ya mita ya Luku na daftari.

Mengine tunayofanya nyumbani hayajawahi kumgharimu mtu. Maji ya kusuuzia nguo huenda kwenye mipapai, maganda huchukuliwa na mbuzi wa jirani, majani ya kunde tunayakausha wakati wa mavuno kama bibi zetu walivyofanya. Hata mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, vijana waliokuwa wakiiuza pale sokoni Majengo walionekana muda si mrefu wakiwa na mifuko mbadala mabegani. Biashara ilibadilika mikononi mwao bila kuwatoka. Mama Zuhura hana cha kubadilisha kwa urahisi namna hiyo. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034, nami ninaomba kwa moyo wote lengo hilo lifikiwe, lakini tangu Jumatatu nimekuwa nikiisoma asilimia hiyo nikiona nyuma yake wanawake waliokaa kwenye viti vya plastiki kando ya barabara, wakisubiri wateja ambao mmoja baada ya mwingine wanapita na kuwasalimia tu.

Jumamosi nilikwenda Mvumi kwa baba, na huko moyo ulipata nafuu ambayo sikuitarajia.

Mnakumbuka niliandika jinsi alivyokubali shingo upande kuingia kwenye kilimo cha Kisiki Hai. Alisema hajawahi kusikia mtu akifuga visiki. Wataalamu walimwonyesha kwamba shamba linaloonekana tupu lina mizizi hai chini yake, na kila mvua mizizi ile huchipua vijiti ambavyo mbuzi huvila au jembe huvikata. Ukichagua machipukizi machache yaliyo imara, ukaondoa mengine, ukayafungia kitambaa cha alama ili kila mtu ajue yana mwenyewe, ukayapogolea na kuyalinda, unapata mti bila kupanda mbegu wala kubeba ndoo ya maji, kwa sababu mizizi ilikwisha kushuka chini miaka mingi iliyopita. Nilikuwa sijafika pale shambani tangu mwaka jana. Nilipotokeza nyuma ya nyumba nilisimama. Palipokuwa na vijiti vya kiunoni pana miti inayopita kimo cha mtu, chini yake kuna nyasi, na mtama uliovunwa umeacha mabua manene mpaka karibu na mashina. Nilikaa kivulini. Kivuli, katika shamba la baba, ambako tukiwa watoto tulikuwa tukikimbilia mbuyu mmoja tu wa jirani! Nilicheka peke yangu, baba akaniuliza nina nini, nikamwambia sina kitu, nimefurahi.

Matawi aliyoyapogoa alikuwa ameyafunga mizigo ya kuni, na anasema hajanunua kuni tangu mavuno. Mtu alipita mwezi uliopita akitaka kununua miti minne ya kuchoma mkaa. Baba alimkaribisha uji, akamsindikiza hadi njiani, na miti ikabaki.

Ndipo nikamsimulia swali la Mama Zuhura. Hakunijibu mara moja. Alianza kuzungumzia Kondoa na miaka ya HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye milima ya Kondoa Irangi iliyokuwa imeliwa na makorongo, na baada ya miaka michache nyasi na vichaka vilirudi mahali ambapo watu walikuwa wamekata tamaa. "Ardhi ilipona," alisema. "Lakini shemeji yangu alihama na ng'ombe wake, na hakurudi tena. Tulipokuwa tunasifu nyasi, nani alimwuliza habari zake?" Akaingia ndani, akatoka na furushi la mlenda mkavu na karanga za mavuno ya mwaka huu, akasema nimpelekee mama aliyetuletea mkaa msibani.

Nilimpelekea jana baada ya ibada. Alifungua furushi, akanusa mlenda, akasema huo ni mlenda wa kwao kabisa. Akanivutia kigoda, na kwa mara ya kwanza wiki hii hatukuzungumza tukiwa tumesimama. Aliniambia kwamba alipoanza biashara hii gunia lilitoka karibu na lilifika kwa baiskeli, na sasa linakuja kwa lori kutoka upande wa Chemba na Manyoni, likiwa limepitia ushuru na mikono mingi, hata faida imekuwa ya kupima kwa kijiko. Hakuwa analalamika, alikuwa ananieleza hesabu. Kisha akaniuliza mtungi mdogo hujazwa kwa shilingi ngapi. Nilipomtajia alitikisa kichwa. "Wateja wangu hununua kopo moja kwa chakula kimoja. Jioni wakipata, wananunua jingine. Nani atawauzia gesi ya chakula kimoja?"

Nilimwambia kwamba umeme hununuliwa kidogo kidogo, na kwamba kizuizi ni bei ya jiko lenyewe, ambayo lazima itoke yote kwa pamoja. Akauliza kama jiko hilo linaivisha makande. Nikamwambia linaivisha. Akauliza kama watu wanaweza kukusanya fedha kwenye kikoba wakanunuliana kwa zamu, na kama muuzaji angeweza kumwachia chochote kidogo, kwa kila jiko linalouzwa, yeye atakayewakusanya watu. Hilo sikulijua, nikamwahidi nitauliza, na Baba Baraka anakwenda kuuliza mjini Jumanne. Hatukuzungumza tena kuhusu nani alimkosea nani. Alipokuwa akinisindikiza hadi kwenye kona alikumbusha tu kwamba kodi yake inaisha mwishoni mwa Julai, na sauti yake ilikuwa ile ile ya Jumatatu.

Nilidhani nikishaandika haya nitalala. Lakini tangu jana usiku limenijia jambo jingine. Pale shambani baba alipokuwa akinihesabia miti yake alikuwa akiigusa mmoja mmoja kwa mkono, nami nilidhani anaipenda tu. Sasa ninakumbuka kwamba mti mdogo uliokuwa upande wake wa kushoto aliupita bila kuuhesabu, na nilipompa simu aone picha ya mjukuu mpya aliisogeza pembeni kabisa mwa uso ndipo akatabasamu. Nilimwuliza kuhusu jicho, akasema ni vumbi la Juni. Hospitali ya Mvumi ina kitengo cha macho na si mbali na nyumbani kwake, lakini baba ni mtu wa kusema "wiki ijayo" mpaka mwaka uishe, na mdogo wangu anayekaa naye anasafiri kesho. Nimemwomba Baraka, maadamu yuko likizo, aende akakae naye na amfikishe hospitali kabla ya Ijumaa. Baraka amekubali. Baba bado hajaambiwa.