Dola ya 1804 Aliyotunukiwa Sayyid Said

Katika sarafu zote za kale za prufu ambazo nimekuwa nikizifuatilia, hakuna inayonivutia kuliko dola ya fedha ya Marekani yenye tarehe ya 1804. Wamarekani wameiandikia vitabu na kuibishania kwa zaidi ya karne moja, na huiita mfalme wa sarafu zao. Kinachonigusa mimi ni kwamba seti mojawapo ya sarafu zilizozaa dola hiyo iliandaliwa kwa ajili ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, na ilifika mkononi mwake mwaka 1835. Habari hiyo ni sehemu ya historia ya pwani yetu, na naona inastahili kusimuliwa kwa Kiswahili kwa utaratibu wake.

Kwanza nieleze sarafu ya prufu ni ipi, kwa kuwa wengi hudhani ni sarafu yoyote mpya inayong'aa. Sarafu ya kawaida hugongwa kwa wingi na kwa haraka ili ikatumike sokoni. Ya prufu hugongwa kwa ajili ya kutazamwa, kutunukiwa au kuwekwa katika kumbukumbu za serikali. Chapa zake, yaani vyuma vyenye michoro vinavyoigonga, husuguliwa mpaka zing'ae, kipande cha madini nacho husafishwa kabla ya kugongwa, na mashine huendeshwa polepole kwa shinikizo kubwa, mara nyingi zaidi ya pigo moja, ili madini yajae kila mchoro hadi pembeni kabisa. Matokeo yake ni sarafu yenye uwanja (sehemu tupu isiyo na michoro) unaoakisi kama kioo, michoro iliyosimama wazi na ukingo mkali. Katika miaka ya 1830 kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kilikuwa bado kinatumia mashine za parafujo zilizozungushwa kwa nguvu za watu, maana ile ya mvuke iliingia mwaka 1836, kwa hiyo kila prufu ya wakati huo ilipita mikononi mwa mafundi waliojua wanachokifanya.

Septemba 1833, mjumbe wa Rais Andrew Jackson aitwaye Edmund Roberts alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said mjini Muscat. Kwa mkataba huo wafanyabiashara wa Marekani waliruhusiwa kuuza na kununua katika bandari za Sultani, Unguja ikiwemo, kwa kulipa ushuru wa asilimia 5. Roberts aliwahi pia kufanya mkataba na mfalme wa Siam, Thailand ya leo. Ilipofika zamu ya kupeleka mikataba iliyoidhinishwa, serikali ya Marekani iliona haifai mjumbe wake aende mikono mitupu. Tarehe 11 Novemba 1834, Waziri wa Mambo ya Nje John Forsyth alimwandikia mkurugenzi wa kiwanda cha sarafu, Samuel Moore, akiagiza seti kamili za sarafu za nchi hiyo, za dhahabu, fedha na shaba, zipangwe katika visanduku vya ngozi. Kisanduku cha Siam kiliagizwa kiwe cha rangi ya njano na cha Muscat kiwe chekundu.

Hapo ndipo mafundi wa Philadelphia walipokutana na tatizo ambalo limewashughulisha wakusanyaji mpaka leo. Agizo lilitaka seti kamili, lakini dola ya fedha na sarafu ya dhahabu ya dola 10 zilikuwa hazijagongwa kwa miaka 30. Daftari za kiwanda zilionyesha kwamba mara ya mwisho dola zilitolewa mwaka 1804, tena 19,570 kwa hesabu. Wakaona tarehe inayofaa ni hiyo, wakatengeneza chapa na kuigonga dola yenye 1804. Hawakujua, au hawakujali, kwamba zile 19,570 zilikuwa zimegongwa kwa chapa za zamani zenye tarehe za 1803 na kurudi nyuma, kama ilivyokuwa desturi ya kiwanda kutotupa chapa ambayo bado inafanya kazi. Kwa hiyo hakuna dola hata moja yenye tarehe 1804 iliyogongwa mwaka 1804.

Msomaji wa pwani hatashangaa sana kuambiwa hivyo. Fedha iliyotawala masoko ya Unguja, Mombasa na Muscat zama za Sayyid Said ilikuwa riali ya Maria Theresa, na karibu kila riali iliyopita mikononi mwa mabibi na mababu zetu ilikuwa na tarehe ya 1780, mwaka aliofariki malkia huyo wa Austria, ingawa iliendelea kugongwa kwa miongo mingi baadaye kwa sababu wafanyabiashara hawakuikubali yenye sura nyingine. Mkusanyaji makini, basi, huichukulia tarehe ya sarafu kuwa dai linalohitaji ushahidi, na ushahidi wenyewe huutafuta katika namna ilivyogongwa.

Kwenye dola ya 1804 ushahidi huo umejificha ukingoni. Dola za Marekani za miaka ya mwanzo zilikuwa na maandishi ubavuni, yanayosema HUNDRED CENTS ONE DOLLAR OR UNIT, na yaliwekwa kwa mashine maalumu kabla kipande cha fedha hakijagongwa. Kisha kipande kiligongwa kikiwa wazi, bila kuzuiwa pembeni, na herufi zikabaki kama zilivyowekwa. Dola za 1804 zilizoandaliwa kwa ajili ya zawadi ziligongwa ndani ya pete ya chuma iliyokishikilia kipande pande zote, mbinu ya miaka ya 1830, na fedha ilipotanuka kwa shinikizo ikazibana herufi kwenye ukuta wa pete hiyo. Ukiitazama picha ya ukingo wake iliyokuzwa vizuri utaona maandishi yamepondeka na kupoteza ukali. Hata ule mzunguko wa mapambo kwenye mzingo wa nyuso zake ni wa mtindo wa miaka ya 1830, haufanani na meno marefu yanayoonekana kwenye dola za 1803. Mtu aliyezoea kushika sarafu angeweza kuyaona hayo kwa kikuza-macho cha kawaida, lakini ilichukua miongo mingi kabla wataalamu hawajakubaliana, kwa kuwa kila mmoja aliitazama tarehe kwanza.

Roberts aliondoka New York Aprili 1835 katika manowari iitwayo Peacock, akiwa na mikataba na zawadi zake. Meli ilitia nanga Unguja mapema Septemba, kisha ikashika njia ya Muscat. Tarehe 21 Septemba ilipanda mwamba karibu na kisiwa cha Masira, na mabaharia wakalazimika kutupa mizinga baharini ili meli ipungue uzito. Roberts alichukua mashua ndogo na watu wachache akaenda kuomba msaada Muscat, na Sayyid Said alipopata habari alituma watu na chombo kwenda kuwaokoa. Peacock ilijinasua na kufika, na mwanzoni mwa Oktoba zawadi zikakabidhiwa. Seti ya Siam ilifikishwa mwaka uliofuata. Zilizokusudiwa Japani na Kochinchina (Vietnam ya leo) hazikufika, kwani Roberts aliugua na kufariki Macau mwezi Juni 1836.

Heshima hiyo ilijibiwa. Mwaka 1840 jahazi la Sultani liitwalo Sultana, likiongozwa na Ahmad bin Na'aman, liliingia bandari ya New York likiwa na karafuu, pembe za ndovu, kahawa na tende, pamoja na farasi wa Kiarabu na lulu kama zawadi kwa Rais. Katika maandishi ya wakusanyaji wa Marekani tukio hili hutajwa kwa mstari mmoja tu, likitajwa kabisa. Kwangu mimi, sarafu na jahazi ni pande mbili za mazungumzo yaleyale.

Wakusanyaji walianza kuifahamu dola hii baada ya mwaka 1842, maofisa wawili wa kiwanda walipochapisha picha yake katika kitabu cha sarafu za dunia. Mwaka uliofuata, mkusanyaji Matthew Stickney alikwenda Philadelphia akapata moja kwa kubadilishana na sarafu zake mwenyewe. Stickney alikuwa mtu wa Salem, mji uleule ambao wafanyabiashara wake walileta vitambaa vya merikani Unguja na kuondoka na pembe na gundi ya sandarusi, na ambao ulimtoa Richard Waters, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani kukaa Zanzibar.

Umaarufu ulileta tamaa. Kati ya mwaka 1858 na 1860 hivi, watu wa ndani ya kiwanda waligonga dola nyingine za 1804 kwa siri na kwa faida yao. Moja ya hizo haina maandishi ukingoni, na imegongwa juu ya sarafu ya fedha ya Uswisi ya mwaka 1857, ambayo alama zake bado zinaonekana chini ya mchoro mpya. Hadi mwaka 2025 zilikuwa zinajulikana kwa jumla dola 15 za 1804: za zawadi 8, hiyo ya juu ya sarafu ya Uswisi 1, na 6 za siri zilizowekewa maandishi ukingoni. Minada huzitukuza zote, lakini mimi siziweki katika daraja moja. Zile 8 ziligongwa kwa agizo la serikali, kwa kazi inayojulikana. Nyingine ziligongwa ili kumghilibu mnunuzi, na umri hauwezi kulisafisha kusudi hilo.

Seti ya Sayyid Said haikubaki pamoja. Dola inayoaminika kuwa ndiyo yake ilikuwa Uingereza kwa mkusanyaji wa Liverpool, C. A. Watters, ambaye mali yake iliuzwa mnadani London mwaka 1917. Hakuna hati inayoonyesha njia iliyopita kutoka Muscat hadi Liverpool, na watafiti wameegemea hali yake: ndiyo iliyohifadhika vizuri kuliko zote, jambo linaloendana na sarafu iliyokaa kisandukuni muda mrefu bila kuguswa. Iliuzwa Marekani mwaka 1999 kwa dola 4,140,000, bei ambayo hakuna sarafu iliyowahi kuifikia kabla ya hapo, na mwaka 2021 ikauzwa tena kwa dola 7,680,000. Uwanja wake una rangi za kijivu na samawati zilizojijenga polepole juu ya fedha, na chini yake kioo cha prufu bado kipo.

Rangi hizo ndizo ningependa wakusanyaji wa kwetu waziangalie kwa makini. Tunazo sarafu za zamani zinazoweza kupatikana: pysa za Sayyid Barghash za mwaka 1299 wa Hijra, na sarafu za Mombasa za Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, kuanzia zile za mwaka 1888, ambazo nazo zilikuwa na nakala za prufu. Mara nyingi huwa zimeshasuguliwa kwa majivu, ndimu au dawa ya kung'arishia shaba kabla hazijamfikia mnunuzi, na kilichoondolewa hakirudi. Prufu iliyosuguliwa hubaki na mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja, na ukiigeuza taratibu chini ya taa utaiona mara moja. Isiyosuguliwa, hata ikiwa imeingia weusi, huakisi mwanga kwa utulivu kutoka chini ya weusi huo.

Anayefika Washington anaweza kuziona aina zote tatu za dola ya 1804, kwa kuwa Taasisi ya Smithsonian ina mfano wa kila moja. Atazame upande wenye tai, mahali herufi za neno STATES zilipokaa juu ya mawingu. Kwenye dola ya zawadi zimekaa tofauti na zilivyo kwenye zile mbili za baadaye, na hiyo inatosha kumwonyesha kwamba chapa iliyotumika kwa zawadi haikuwa ile iliyotumika kwa siri.