Mama Alipozima Simu

Mwaka 2009 nilichaguliwa kwenda kidato cha tano, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), shule ya bweni ya serikali mkoani Iringa. Fomu ya kujiunga ilikuwa na orodha ndefu: ada shilingi 70,000 kwa mwaka, nusu yake siku ya kuripoti, tranka, godoro, ndoo, jembe, rimu ya karatasi. Mama alikuwa fundi cherehani kwenye kibaraza cha duka pale Tukuyu. Baba alifariki nikiwa darasa la nne.

Tegemeo letu lilikuwa Mjomba, aliyekuwa Dar es Salaam. Matokeo yalipotoka aliahidi ada yote. Mama akawa anambipu, kisha tunakaa kuikodolea simu macho. Mwanzoni alipiga: "Dada, vuta subira, mwisho wa mwezi." Baadaye kimya. Mama akaanza kuzunguka kwa ndugu na waumini wenzake. Jioni moja alirudi kutoka kwa mzee mwenye mashamba ya chai, mvua imemlowesha mpaka kilemba, viatu mkononi. Alikalishwa barazani saa mbili nzima, halafu akaambiwa mzee amelala. Bado nakumbuka alivyokianika kile kilemba kwenye kamba, polepole, ametupa mgongo.

Usiku ule alizima simu, akaitia kwenye kopo la sukari. Akapiga magoti kando ya kitanda, akamwomba Mungu.

"Baba, mtoto huyu ni wako. Mimi watu nimewamaliza."

Nilikasirika. Mjomba akipiga je? Siku ya kuripoti ikapita, na simu bado imo koponi. Mama alifunga siku tatu, huku anashona na kuimba. Kilichonishangaza ni shingo yake. Wiki nyingi alikuwa akiigeuza kila akisikia hatua njiani. Sasa macho yake yalikuwa kwenye sindano.

Haikupita wiki wakaja akina mama wawili wa kwaya, kutoka kata ya jirani, na mafurushi ya vitenge. Fundi wao alikuwa amelazwa na Pasaka ilikuwa inakaribia. Magauni 22, shilingi 3,500 kila moja, nusu mkononi. Mama alizihesabu zile 38,500 mara mbili, akaniita nami nizihesabu. Tulishona usiku kwa koroboi, mimi nikikunja pindo. Nauli ilitoka kwenye nusu ya pili. Tranka lilikuwa la bibi, tukalipaka rangi. Godoro halikupatikana; muhula ule nililalia blanketi, na niliripoti nikiwa nimechelewa wiki tatu. Siwezi kusema kila kitu kilishuka kama mana.

Nilimwambia Mama kwamba hata wale wa kwaya ni watu tu.

"Ni watu," akasema. "Lakini mimi sikuwaita. Nani aliwaonyesha kibaraza changu?"

Simu iliwashwa siku mbili kabla sijaondoka. Ukaingia ujumbe wa Mjomba. Aliachishwa kazi wiki chache baada ya kutuahidi, anadaiwa kodi ya chumba, na aibu ilimzuia kupokea simu za dada yake. Mama alilia kuliko siku ile ya mvua. Nilidhani analilia ada. "Nilimtwika kaka yangu mzigo wa Mungu," akasema, "halafu nikamnung'unikia kwa kuwa hakuubeba."

Asubuhi ya safari alikuwa amejaza kiroba: ndizi za shambani kwetu na maharage, mdomo ameushona kwa uzi wa cherehani. Jina la Mjomba alilidarizi kwenye kipande cha kitenge kilichobaki, akakishonea juu. Kiroba kiliwekwa kwenye buti la basi, jirani na tranka langu. Mimi nilishuka Iringa, pale Ipogolo. Kiroba kikaendelea na safari ya Dar.