Uani kwetu kabla ya Hidaya

Alhamisi ya tarehe 2 Mei 2024, tahadhari ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kuhusu kimbunga Hidaya ilikuwa imeshaenea Kilwa Masoko kwa redio na simu, na watu wakawa wanagombania kamba dukani. Mimi na shemeji tulianza na jembe. Masika yalikuwa yameshailowesha ardhi, na mti uliosimama kwenye udongo uliolowa haukatiki, bali hung'oka mzima mzima. Kamba itasaidia nini kama kigingi chenyewe kimechomekwa kwenye tope?

Tulichimba mfereji wa kina cha sentimita 30 hivi, kutoka kwenye mipapai hadi nje ya ua upande wa mteremko. Mipapai ilitangulia kwa kuwa mizizi yake haivumilii maji. Ikizama siku mbili tatu huoza, na mti hunyauka baadaye, upepo umeshasahaulika, watu wakidhani ni ugonjwa. Udongo tuliochimba tuliurundika kwenye mashina ya migomba na kuukanyaga.

Kwenye mgomba, majani ndiyo tanga. Mikungu iliyokomaa, ile ambayo vidole vyake vimejaa na pembe zimelainika, tuliikata yote na kuitundika jikoni. Mgomba uliobeba mkungu mchanga tuliuachia majani manne ya juu. Ukiubakiza mtupu kabisa, vidole havijazi tena. Kisha tukautegemezea mianzi miwili iliyopishana kama mkasi, ikafungwa chini kidogo ya shingo ya mkungu, upande ambao mkungu unaelemea. Miguu ya mianzi lazima iingie shimoni, angalau kina cha kiganja na nusu. Ikisimamishwa juu ya ardhi tu, mvua ya kwanza huitelezesha na mgomba hulala nayo.

Kwenye mipapai tuliondoa matunda yote yaliyokwisha kupiga mstari wa njano, pamoja na majani makubwa, tukaacha kilele na vijani vichanga. Wako wanaokata kilele ili mti uwe mfupi. Shina la mpapai lina uwazi ndani. Ukilikata, mvua hujaa humo na kuozesha mti kuanzia juu. Aliyelazimika kukata aufunike mdomo wa shina kwa kopo na kulifunga vizuri.

Minazi tulimwachia mkwezi. Aliangua nazi, madafu na makuti makavu, maana vikirushwa na upepo huo hutoboa bati. Makuti mabichi hakuyagusa, na alifanya vyema: mnazi hujipinda wenyewe, na kilele kikijeruhiwa mti wote umekwisha. Mwembe nao tuliuondolea matawi makavu tu. Kuanza kukata mwembe mkubwa siku mbili kabla ya kimbunga ni kujitafutia balaa, kwa sababu tawi lililokatwa nusu ndilo la kwanza kuruka.

Kazi iliyotuchukua muda mrefu ilikuwa michungwa michanga ya kupandikiza, ambayo hata mizizi ilikuwa haijashika. Kila mmoja tuliupigia vigingi vitatu vya sentimita 60, vikaingia ardhini theluthi mbili, vichwa vikielekea nje, mbali na shina. Kamba ya katani haikugusa gome. Shinani tulizungusha kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kwenye theluthi ya kimo kutoka chini, tukakiachia nafasi ya vidole viwili. Mti uliobanwa kabisa hukatikia pale pale kwenye fundo, na waya hukata gome hata kabla ya upepo kuwa mkali.

Vigingi vitatu, kwa nini? Sisi tumezoea kusi, upepo wa upande mmoja msimu mzima, na jirani alikuwa ameshafunga miti yake upande wa kusi tu. Kimbunga cha huku kwetu kusini mwa ikweta huzunguka kama mshale wa saa, hivyo kinavyosogea, upepo hubadili upande juu ya mti uleule.

Mihogo tuliikata usawa wa goti, tukasimamisha mashina kivulini kwa ajili ya mbegu. Hatukuing'oa. Mhogo uliong'olewa huharibika ndani ya siku mbili tatu, ilhali ardhini husubiri, mradi maji hayatuami. Matembele tuliyaacha, hayana cha kupeperushwa. Neti ya kivuli ilishushwa, miche ya kwenye viriba ikaingia ndani, na tangi la plastiki la lita 1,000 likajazwa hadi juu: tupu hubingirika hadi kwa jirani, likijaa ni tani nzima.

Jumamosi tarehe 4 Hidaya ilipiga Mafia, kaskazini yetu. Hapa upepo ulianza kutoka kusini, kisha ukahamia matlai, yaani mashariki, ukachana majani yote ya migomba iliyobaki. Mchungwa mmoja wa jirani ulilala upande ambao haukuwa na kamba.

Asubuhi yake, kabla jua halijapanda, tulichota maji ya tangi na kuosha majani ya michungwa na mchicha, maana upepo wa baharini huleta chumvi, na chumvi ikikaukia jani huliunguza kingo. Mchungwa uliolala tuliusimamisha siku ileile mizizi ikiwa bado na unyevu, tukapunguza theluthi ya matawi, tukashindilia udongo kwa kisigino na kuupigia vigingi vitatu. Migomba iliyovunjika tuliikata karibu na ardhi, kila shina tukaliachia chipukizi moja lenye jani jembamba. Samadi tuliizuia mpaka majani mapya yachomoze, kwa sababu mizizi iliyotikiswa haifyonzi kitu, na mvua ilikuwa bado inanyesha.