Kengele ya Saa Nne Usiku

Juzi jioni mjukuu wangu alikuwa amekaa kizingitini mwa jiko na ungo mapajani, anahesabu punje za mahindi. Mwalimu wao amesema Ijumaa kila mtoto atasimama mbele ya wenzake ahesabu mpaka mia. Alikwenda vizuri, kidole kikisukuma punje moja moja, hadi sitini na tisa. Akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya ushindi, "Sitini na kumi!"

Mama yake akacheka, akamrudisha nyuma. Mimi mwiko uliniganda mkononi. Nilikuwa nimesimama Njombe, mbele ya sufuria yangu, lakini masikio yalishafika Bergamo, kule Italia.

Mnajua ni jibini ndiyo iliyonipeleka kule, Novemba 2018, wiki mbili. Kila alfajiri basi lilitupandisha bonde la Val Brembana, tukajifunza namna jibini ya Taleggio inavyooshwa kwa maji ya chumvi na kugeuzwa mpaka ngozi yake ipate ile rangi ya udongo mwekundu. Hayo nimeyasimulia mpaka mmechoka. Kuhusu nyumba niliyolala sijawahi kusema.

Bergamo ni mji wa juu na mji wa chini. Chini kuna stesheni, maduka na barabara pana. Juu, kilimani, kuna mji wa kale uliozungukwa na kuta za mawe zenye urefu wa zaidi ya kilomita sita. Waveneti walianza kuzijenga mwaka 1561, na mwaka mmoja kabla sijafika UNESCO ilikuwa imeziingiza kwenye Urithi wa Dunia. Unapanda kwa kibehewa kinachovutwa na kamba ya chuma, kinachofanya kazi hiyo tangu 1887. Ukishuka, kelele zote umeziacha chini. Vichochoro vya mawe, nguo nadhifu, watu wanaosalimiana kwa sauti ndogo. Asubuhi ukungu ukiondoka, milima ya Alps inakutokea imevaa theluji, karibu kiasi cha kukushtua. Mimi wa Njombe, niliyezaliwa kwenye baridi na vilima, nilijihisi nimefika mahali panaponijua.

Wenyeji wetu walinipangia chumba kwa mama mmoja mjane, miaka themanini na kitu, hapo hapo mji wa juu. Nilimwita Signora, basi. Kiitaliano changu kilikuwa cha kuokoteza kwa masista nilipokuwa msichana: maji, mkate, asante, Mungu akubariki. Chake kilichanganyika na lugha ya kwao ya Bergamo, ambayo hata Waitaliano wengine inawapiga chenga. Tulielewana kwa mikono na kwa chakula.

Jumamosi ya mwisho alinipikia polenta. Nilikaa jikoni nikamtazama. Sufuria ya shaba, maji yanachemka, unga wa mahindi ya njano unamiminwa kidogo kidogo, halafu kukoroga, kukoroga, kukoroga. Sisi ugali tunausonga ukaiva mara moja. Yeye alikoroga karibu saa nzima, na nilipomwomba mwiko akanipa, akanitazama mkono, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alipomimina kwenye ubao ukawa kama mwezi mpevu, unafuka moshi. Hakuchukua kisu. Alitoa uzi mweupe mfukoni mwa aproni, akaupitisha chini ya ule ugali, akauvuta juu kwa mikono miwili, kipande kikatoka kimenyooka kama tofali.

Nilipoonja, machozi yalinilenga. Ilikuwa ni yanga. Wa rika langu mnaikumbuka: ule unga wa mahindi ya njano wa miaka ya themanini mwanzoni, wakati maduka yalikuwa matupu na tunapanga foleni tangu usiku. Tuliuita yanga kwa sababu ya rangi ya jezi ya timu ya Yanga. Mama yangu alikuwa anaupika kwa aibu, kama vile njaa ile ni kosa lake. Sasa nilikuwa mezani kwenye mji ule wenye heshima zake, napewa yanga kwenye sahani ya maua, na jibini inayeyuka juu yake. Nilijaribu kumweleza Signora. Nilisema "njaa", nikashika tumbo, nikaonyesha kimo cha mtoto. Akaniwekea mkono kifuani, kisha akauweka kifuani pake. Halafu akakwangua ukoko wa sufuria na kuugawa nusu kwa nusu.

Saa nne ilipokaribia alizima televisheni. Akazima na taa ya jikoni. Akafungua dirisha, baridi ikaingia kama mgeni asiyebisha hodi, akanivuta kwa mkono tusimame pamoja. Nje palikuwa na kichochoro, taa moja ya ukutani, na mawe yanayong'aa kwa unyevu. Kengele kubwa ya mnara wa mji, wanaouita Campanone, hulia mara mia kila usiku saa nne. Zamani ilikuwa ishara ya kufungwa kwa malango ya mji. Malango yameacha kufungwa siku nyingi, kengele haijaacha. Mimi usiku uliotangulia nilikuwa nimeisikia nusu usingizini.

Ngo ya kwanza ikapiga. Signora akasema, "Uno." Nami kimoyomoyo, moja.

Hesabu yake ilikuwa ya kutoa sauti, ndogo, kama mtu anayesali rozari. Kila ikifika kumi alikunja kidole kimoja. Nilimfuata kwa Kiswahili, mbili, tatu, nne, na nikagundua kwamba sauti haiishi kabla ya nyingine kuanza; mlio unakaa kwenye mawe, mwingine unakuja juu yake, mpaka unaanza kuisikia kengele kwenye meno. Baada ya thelathini sikuhisi baridi tena.

Hapo katikati ya hesabu, bila kuacha kukunja vidole, akaanza kusimulia, maneno mawili matatu kati ya mlio na mlio. Baba. Ubelgiji. Mgodi wa makaa ya mawe. Alionyesha chini, chini kabisa ya sakafu. Baada ya vita wanaume wengi wa Italia walikwenda huko, hilo nilikuwa nalijua. Akaonyesha watoto, wanne, kimo kwa kimo, wamepangwa dirishani pale pale. Mama yao alikuwa anafungua dirisha kengele ikianza. Mpaka kengele ya mia waliruhusiwa kumtaja baba, kuuliza atakuja lini, hata kulia. Mia ikitimia dirisha linafungwa, kila mtu kitandani, kimya.

Nilimuuliza kwa neno moja nililokuwa nalo: "Baba?" Nikafungua mikono, yaani, alirudi?

Akanijibu. Sentensi fupi, maneno matano au sita, uso ukielekea kichochoroni. Sikuelewa hata neno moja. Yalikuwa ya lugha ya kwao kabisa. Na usoni hapakusomeka kitu. Alikuwa bado anahesabu.

Nikaitikia kwa kichwa. Niliitikia kama mtu aliyeelewa, nikamshika mkono.

Kengele ya mwisho ilipotulia vidole vyake vyote kumi vilikuwa vimekunjwa. "Cento," akasema. Mimi nilikuwa na tisini na nane. Nikamwonyesha kwa vidole, akafurahi kama msichana, akasema domani, kesho, tutahesabu tena. Akafunga dirisha.

Kesho yake, Jumapili, wenzangu walikuja na gari tukaenda ziwa Iseo. Tulivuka kwa boti hadi Monte Isola, kisiwa kama mlima uliosimama majini, hakuna magari, na watu wake wamesuka nyavu za kuvulia tangu kale. Pazuri mno. Tulichelewa kurudi. Nilipopanda na kile kibehewa ilikuwa saa tano, dirisha limefungwa, na Jumatatu gari la uwanja wa ndege lilikuja kabla hajaamka. Nilimwachia kanga mezani.

Machi 2020 niliona kwenye taarifa ya habari malori ya jeshi yakitoka Bergamo usiku, yamebeba majeneza, kwa kuwa mji haukuweza tena kuwamudu wafu wake. Binti yangu akaniuliza, "Mama, si ndiko ulikokwenda?" Nikasema ndiko. Yule dada wa Bergamo aliyenipeleka kwa Signora tuliandikiana, akasema familia yake wazima, akaniuliza na sisi huku tunaendeleaje. Habari za Signora hakuzitaja. Na mimi sikuuliza. Nilijiambia wana msiba mzito, si wakati wa maswali. Miaka imekwenda, na wakati wa maswali sijaupata.

Nikiwaza nasikitikia zaidi ile sentensi. Mtu alinipa jibu alilolibeba tangu utotoni, nami nikalipokea kwa kichwa tu. Ningeweza kusema sijaelewa. Ningeweza kumpa kalamu. Pengine aliniambia baba alirudi, akaishi, akazeeka nyumbani mle. Pengine sivyo.

Mjukuu alirudia tena kuanzia mwanzo. Safari hii nilikaa naye chini, nikawa nakunja kidole kila akifika kumi. Alipofika sitini na tisa akanitazama. Nikamwambia, "Endelea tu, mama, nakusikiliza."

Namba ya yule dada bado ninayo kwenye simu.