Vidole vya mdakaji wangu

Haya, nimewaona. Wote wawili, wachezaji wangu wa besiboli, meza moja, mrushaji upande wa kushoto na mdakaji kulia kwake, wamestaafu lakini ukiwaona walivyokaa ungedhani wanasubiri kuitwa uwanjani. Majina siwataji, walikuja kusaini sio kuandikwa na mimi huku, ila wanaonijua wanajua ni kina nani maana nimewachosha nao miaka mingi.

Mi kwenye besiboli sijawahi kuwa mtu wa wapigaji. Homrani, ule mpigo wa kuutoa mpira nje ya uwanja, naipenda kama kila mtu ila macho yangu yako kwa hawa wawili, mmoja amesimama kwenye kichuguu mwingine kachuchumaa nyuma ya mpigaji, kati yao mita 18 na kitu, na mchezo wote unaanzia kwenye mazungumzo yao ambayo sisi hatuyasikii. Ndio maana ile rekodi ya mrushaji Adam Wainwright na mdakaji wake Yadier Molina, mechi 328 walizoanza pamoja, mi naiona kubwa kuliko rekodi nyingi za magongo, yaani ni ndoa ile jamani.

Basi nilijiandaa. Mpira mpya mweupe haujaguswa, na kalamu ya kawaida ya wino wa bluu, sio makapeni, maana wino wa makapeni kwenye ngozi ya mpira unatawanyika taratibu na baada ya miaka saini inakuwa doa. Saini nilitaka ikae pale mishono miwili inapokaribiana, ndio sehemu kila mkusanyaji anaililia. Alafu kuna ule ubishi wa kuandikiwa jina lako, wafanyabiashara watakwambia usithubutu, mpira wenye "kwa fulani" unashuka thamani. Mi nilitaka jina langu. Nauza ili iweje?

Foleni sasa. Tiketi moja kitu kimoja, hakuna kupozi, hakuna hadithi ndefu, kuna kijana anasimama pembeni ya meza kazi yake ni kukusogeza tu. Mbele yangu kulikuwa na jamaa ana begi zima la mipira na mapicha, na watu wakaanza kumnong'ona. Mi hao wanaosainisha ili wauze siwachukii sana, angalau yeye alipanga foleni, wabaya ni wale wanaosaini wenyewe nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 FBI, wapelelezi wa Marekani, walifanya operesheni moja inaitwa Bullpen, wakakamata vitu vya kughushi vingi ajabu, mpaka mpira wa besiboli wenye saini ya Mama Teresa, Mama Teresa jamani! Baada ya hapo, 2001, ligi kuu ya Marekani ikaanza utaratibu wake wa kubandika stika za hologramu na kuweka mtu wa kushuhudia. Wangu hauna stika, shahidi ni mimi.

Nikafika mezani. Hotuba nilikuwa nayo kichwani, kuhusu mechi moja niliyoitazama usiku kwa sauti ya chini ili nisiamshe watu, lakini mdakaji akanyoosha mkono kupokea mpira na mi nikaona vidole vyake, hotuba ikaishia hapohapo.

Kwenye tv huwezi kuviona vile. Cha shahada kimepinda kuelekea nje, cha kati fundo lake limevimba, kidogo ndo kabisa kimeenda njia yake. Na huu ni mkono wa kulia, ule usio na glavu, ule wanaouficha nyuma ya mgongo au nyuma ya mguu kwa sababu mpigaji akiugusa mpira kidogo tu unabadili njia na kukukuta na spidi yake yote. Na ni vidole hivohivo alivyokuwa anatoa navyo ishara katikati ya mapaja, kimoja mpira wa kasi, viwili wa kupinda, miaka hiyo kabla ya 2022 walipoletewa vile vidude vya kubonyeza kutuma ishara.

Nikamuuliza tu, hiki kilikuwaje? Akakiangalia kama mtu anayetafuta mwaka. Kabla hajajibu mrushaji akaingilia, hicho ni mimi, nilirusha chini ukagonga udongo. Mdakaji akasema hapana, cha kwako ni hiki kingine. Mwenzake akakataa. Wakaanza! Mechi ipi, nani alikuwa anapiga, kama aliomba mpira wa kupinda au yule mwingine alijiamulia mwenyewe, na mi nimesimama katikati mikono mitupu maana mpira wangu anao yeye na anautumia kuonyesha, ameushika kwenye mishono, anauzungusha, yaani mazungumzo yale ya mita 18 sasa nayasikia kwa masikio yangu. Yule kijana wa kusogeza watu alikohoa mara mbili, hakuna aliyemsikia.

Walisaini huku wanabishana. Na saini zinasomeka, kila herufi! Harmon Killebrew, mpigaji wa zamani wa Minnesota, mwenye homrani zake 573, alikuwa anawasema vijana waliochora mikwaruzo, alimkalia kooni mchezaji Torii Hunter mpaka akaanza kuandika jina lake likasomeka. Sijui hawa wangu walifundishwa na nani, ila kwa vidole vile mtu angekuwa na kila sababu ya kuchora mstari tu akaachana na wewe, na hakufanya hivo. Mrushaji ndiye aliyeandika jina langu, akalikosea herufi moja, na liko vizuri tu hivohivo.

Nilipogeuka kuondoka nyuma yangu kulikuwa na katoto kamevaa glavu kubwa kuliko kichwa chake, mdakaji akakaonyesha kidole na kukauliza, we unaonaje, hii ni kazi ya nani? Katoto bila hata kufikiri kakamnyooshea mrushaji.